Vinywaji vya kila siku na jino lililodhoofishwa na asidi: mwongozo kamili

Kila aliyewahi kung'ata ndimu anaijua ganzi ya meno. Ukipitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele, ule utelezi uliouzoea haupo. Unakuta mparuzo mkavu kama wa chaki, na meno ya juu yakigusana na ya chini unayasikia yanasagana. Baada ya muda ganzi inaisha na mtu anaisahau. Kilichotokea ni kwamba asidi imevuruga utando mwembamba wa mate unaolifunika jino na kuanza kunyofoa madini kwenye uso wake. Mate yakipewa nafasi, hurudisha sehemu ya madini hayo. Yasipopewa nafasi, uso ule uliolainika unasuguliwa na kwenda zake.

Mimi sikuyapa nafasi kwa miaka minne. Kila asubuhi nilikunywa glasi ya maji ya vuguvugu yaliyokamuliwa nusu limau, taratibu, huku navaa na kutafuta funguo, kisha napiga mswaki kwa nguvu ili nitoke kinywa kikiwa safi. Siku daktari wa meno aliponipa kioo nitazame gego langu la chini, nilishtuka. Kizibo cha zamani, kile kilichojazwa kwenye tundu la jino, kilikuwa kimesimama juu ya jino, kimezungukwa na kibonde. Kizibo hakikupanda; jino ndilo lililoshuka, kama jiwe linavyobaki juu pale mvua inapouchukua udongo uliolizunguka.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tabaka la nje la meno yake, yaani enameli, limeshaanza kudhoofika, au anayeshuku hivyo. Kabla ya hatua ya kwanza, shika jambo moja: hesabu mara unazokunywa, usihesabu glasi. Glasi moja kubwa ya juisi iliyonywewa na chakula kwa dakika tano hulidhuru jino kidogo kuliko glasi hiyo hiyo ikinyonywa tone kwa tone asubuhi nzima.

Kinachotokea kwenye jino

Enameli ni tabaka la nje la jino na ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini, hasa kalsiamu na fosfati. Ugumu huo una gharama yake: jino likishaota, enameli haina chembe hai hata moja. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka hufunika. Enameli ikiisha, haioti tena.

Hapa watu wengi hukata tamaa mapema kuliko inavyostahili, kwa sababu kuisha na kulainika ni vitu viwili. Asidi inapoligusa jino, kwanza hulegeza madini ya juu na kuacha tabaka laini, jembamba sana. Tabaka hilo bado lipo mahali pake na bado linaweza kugandishwa upya na kalsiamu na fosfati zilizomo kwenye mate, hasa ikiwepo floridi, ile kinga inayotiwa kwenye dawa ya meno. Likisuguliwa kabla ya hapo, limekwenda. Kazi yote ya mwongozo huu ni kulilinda tabaka hilo kwenye muda ule ambao liko laini.

Ukali wa asidi hupimwa kwa pH. Saba ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Enameli huanza kupoteza madini kwenye pH ya takriban 5.5. Dentini, ile sehemu ya njano iliyo chini yake, huanza mapema zaidi, pH ikiwa bado juu ya 6. Ndiyo maana jino ambalo enameli yake imekwisha huliwa haraka kuliko jirani yake. Kumbuka pia kwamba kila namba moja ni mara kumi: kinywaji chenye pH ya 3 kina asidi mara kumi ya chenye pH ya 4, na mara mia ya chenye pH ya 5.

Usichanganye mmomonyoko huu na kuoza kwa jino. Jino linapooza, bakteria waliomo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi yao wenyewe, na tundu huanza pale ukoga ulipoganda. Kwenye mmomonyoko asidi inatoka moja kwa moja kwenye kinywaji au tumboni, na hushambulia hata jino safi kabisa. Kwa kweli wengi niliowaona na tatizo hili ni watu wanaopiga mswaki kwa bidii. Soda yenye sukari hufanya mabaya yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya 1: Jitazame kwenye kioo

Simama penye mwanga wa mchana, kausha meno kwa kitambaa safi, kisha angalia. Meno ya mbele: je, ncha zake zimekuwa kama kioo, unaona kivuli cha kidole ukikiweka nyuma yake? Uso wake umekuwa laini na wa kung'aa kupita kiasi, bila ile mistari midogo ya asili? Magego: je, vilele vimeviringika, au vina vibonde vidogo kama alama ya kidole gumba kwenye udongo mbichi, katikati pakionekana njano? Kuna kizibo kilichosimama juu kuliko jino? Ongeza na unachohisi: maji baridi, hewa baridi au kitu kitamu kikikuchoma ghafla na kuacha.

Weupe wa chaki kandokando ya fizi, usiong'aa, mara nyingi ni dalili ya mwanzo wa kuoza, na huo una dawa yake. Mwonyeshe daktari.

Zingatia pia upande ulioharibika zaidi. Meno ya juu yakiwa yameliwa kwa ndani, upande wa ulimi, shuku asidi ya tumboni kabla ya kulaumu soda.

Hatua ya 2: Andika siku tatu

Chukua karatasi. Kwa siku tatu, moja ikiwa ya mapumziko, andika kila kinachoingia kinywani kisicho maji matupu, saa kilipoanza na saa kilipokwisha. Saa ya kumaliza ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo yenye siri.

Mfano: mtu anaandika "soda moja". Ukimwuliza, chupa ya nusu lita ilikaa mezani kuanzia saa nne hadi saa saba, akipiga funda kila baada ya dakika kumi. Hayo ni mafunda kumi na nane. Kila funda linashusha pH kinywani, mate yanahangaika kuipandisha, na kabla hayajamaliza linafika funda jingine. Jino lake lilikaa saa tatu bila pumziko. Mwenzake aliyekunywa chupa kama hiyo na chakula cha mchana alimaliza kwa dakika kumi, na saa mbili na zaidi zilizobaki mate yake yalikuwa yanajenga.

Ukishamaliza siku tatu, zungushia kila kinywaji chenye asidi kilichonywewa nje ya mlo. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo.

Hatua ya 3: Vipange vinywaji vyako

Maji ya kawaida hayana ubishi. Maziwa yana pH inayokaribia 6.7, yana kalsiamu, fosfati na protini iitwayo kaseini inayoshikamana na jino. Kwa jino lililodhoofika, haya ndiyo mawili ya kutegemea kati ya milo. Mtindi unashangaza: pH yake ni kama 4, lakini haumomonyoi enameli, kwa kuwa umejaa kalsiamu na fosfati kiasi kwamba hauhitaji kuzichukua kwenye jino. Hapo utaona kwamba pH peke yake haisemi kila kitu. Kwa sababu hiyo hiyo juisi iliyoongezwa kalsiamu ni afadhali kuliko isiyoongezwa.

Chai ya majani meusi au ya kijani, bila limau, ina asidi kidogo na kwa kawaida haimomonyoi. Majani ya chai yana hata floridi ya asili. Itaacha rangi, ndiyo, na jino lenye uso uliolegea hushika rangi haraka zaidi, lakini doa na uharibifu ni mambo tofauti. Ukikamulia limau ndani yake umebadilisha kinywaji kabisa. Na jihadhari na zile zinazoitwa chai lakini ni matunda yaliyokaushwa na maua mekundu: nyingi ni chachu kama juisi. Kahawa iko karibu na pH ya 5, kwenye mpaka. Maziwa kidogo huituliza. Sukari kwenye chai au kahawa inarudisha habari ya bakteria, hasa kikombe kikinywewa kwa saa nzima.

Maji yenye gesi, yasiyo na ladha, huogopwa kupita kiasi. Gesi yake hutengeneza asidi dhaifu, na madhara yake kwa enameli ni madogo mno ukilinganisha na soda. Soma kibandiko tu: yakiandikwa asidi ya sitriki au ladha ya ndimu, yahamishie kundi la chini.

Kundi la chini ndilo hili. Soda aina ya kola zina pH ya karibu 2.5, kwa sababu ya asidi ya fosforiki. Soda zisizo na sukari zinapunguza kuoza, lakini asidi imo vilevile, na hili nalisema kwa msisitizo kwa kuwa wengi huhamia huko wakidhani wamepona. Vinywaji vya kuongeza nguvu na vile vya wanamichezo huwa karibu na 3, vingi vikiwa na asidi ya sitriki. Maji ya limau yenyewe ni kati ya 2 na 2.5, na hata yakichanganywa na maji hubaki makali. Mvinyo uko kati ya 3 na 4. Maji yenye siki, yanayosifiwa kwa kupunguza uzito, yamo humu humu.

Juisi ya chungwa au ya tufaha, yenye pH inayozunguka 3.5, inaonekana mpole kando ya kola. Haiko hivyo. Kwanza, juisi ina akiba kubwa ya asidi, kwa hiyo mate hufanya kazi ndefu zaidi kuituliza. Pili, asidi ya sitriki iliyomo kwenye chungwa ina mkono wa ziada: hata pH ikianza kupanda, inaendelea kuishika kalsiamu na kuivuta kutoka kwenye jino. Tunda zima lililotafunwa huleta mate mengi. Juisi yake hupita bila kutafunwa.

Sikuambii uvifute vyote. Chagua kimoja unachokipenda kweli, kiweke kwenye mlo, na vilivyobaki uviache.

Hatua ya 4: Badilisha namna ya kunywa

Kinywaji chenye asidi kiende na chakula. Wakati wa kula mate hutiririka mara kadhaa zaidi kuliko wakati kinywa kimetulia, na chakula chenyewe hupunguza makali. Kimalize, usikihifadhi mezani.

Usikizungushe kinywani. Kuna watu wana tabia ya kukisukuma kinywaji katikati ya meno ya mbele kabla ya kumeza, wengine hufurahia gesi inavyochoma. Tabia hiyo huondoa asidi iliyochoka na kuleta mpya kwenye uso wa jino kila sekunde. Ukiiacha hiyo tu bila kubadilisha kingine chochote, tayari umelisaidia jino.

Mrija husaidia endapo ncha yake inapita nyuma ya meno, kuelekea kooni. Mrija ulioshikwa kwa midomo, ncha ikielekea nyuma ya meno ya mbele, unamwaga asidi pale pale ulipotaka kuzuia. Kinywaji kikiwa baridi, madini huyeyuka polepole kuliko kikiwa cha moto. Hivyo maji moto ya limau ni mabaya kuliko ya baridi, ingawa yote mawili ningeyaacha.

Hatua ya 5: Dakika zinazofuata

Umemaliza juisi. Piga funda la maji, sukutua taratibu, meza au tema. Ukiwa na maziwa au kipande cha jibini, vizuri zaidi. Chingamu isiyo na sukari huleta mate mengi, itafune dakika kumi hadi ishirini.

Kisha usiguse mswaki. Ushauri wa kawaida ni kusubiri nusu saa hadi saa moja, nami naufuata. Ila usidhani saa moja inarudisha kila kitu. Jino huhitaji muda mrefu zaidi kukaza uso wake. Kwa hiyo naona bora kuligeuza jambo lenyewe: piga mswaki kabla ya kifungua kinywa chenye juisi, siyo baada yake. Jino linaingia vitani likiwa na floridi, na halisuguliwi likiwa laini.

Hatua ya 6: Mswaki na dawa ya meno

Mswaki uwe laini. Ushike kwa vidole kama kalamu, usiukunjie ngumi, utaona nguvu inavyopungua yenyewe. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, ya usiku ikiwa ya mwisho kabla ya kulala.

Geuza tyubu ya dawa usome kiasi cha floridi. Kwa mtu mzima tafuta kati ya 1,350 na 1,500 ppm, yaani sehemu kwa kila milioni. Yenye floridi ya bati (stannous fluoride) ina ubora wa ziada dhidi ya asidi, kwa kuwa huacha kinga isiyoyeyuka upesi. Dawa za kung'arisha na za mkaa ziache: mchanga wake ni mkali kwa jino lililolegea, na zikishaifuta enameli, dentini ya njano ndiyo inayojitokeza. Nimeona watu wakizidisha dawa ya kung'arisha kwa sababu meno yanazidi kuwa ya njano, na kila wiki hali inazidi.

Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Floridi inayobaki ndiyo inayofanya kazi usiku.

Hatua ya 7: Ulinde usiku na mate

Ukilala, mate karibu yanakauka. Asidi au sukari iliyoingia dakika ya mwisho hukaa na jino hadi asubuhi. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu. Kwa mtoto mwenye chupa hata maziwa yasiachwe kinywani usingizini, kwani nayo yana sukari yake ya asili, na enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba.

Mchana, kunywa maji ya kutosha. Mkimbiaji aliyekaukiwa na mate anayenyonya kinywaji cha wanamichezo saa nzima amelishambulia jino kwenye saa yake ya udhaifu. Baadhi ya dawa za mzio, za msongo wa mawazo na za shinikizo la damu hukausha kinywa. Usiache dawa kwa ajili hiyo, mweleze aliyekuandikia.

Wenye hali ya pekee

Asidi ya tumboni ina pH kati ya 1 na 2, hakuna soda inayoifikia. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara, anayecheua usiku, au mjamzito anayetapika, asipige mswaki mara tu baada ya hapo hata kama kinywa kinamkera. Koroga kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwenye glasi ya maji, sukutua, tema. Kiungulia chenyewe kitibiwe na daktari, la sivyo hatua zote za juu zitapwaya. Na anayejitapisha kwa kuogopa kunenepa, namsihi amwambie mtu mmoja anayemwamini. Daktari wa meno mara nyingi huwa wa kwanza kuona, na anaweza kumwelekeza kwenye msaada bila kumhukumu.

Kwa waliofungwa waya za kunyoosha meno, kuna historia ndogo inayofaa kujulikana. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kwamba kupaka asidi ya fosforiki kwenye enameli kwa nusu dakika huifanya iwe na vitundu vidogo sana ambamo gundi hushika vizuri. Hadi leo vibandiko vya waya, vile vipande vidogo vinavyoushika waya kwenye jino, hushikizwa kwa njia hiyo, kwa sekunde chache tu, chini ya uangalizi. Jino hubadilika papo hapo likawa jeupe butu kama chokaa. Kuzunguka kibandiko ukoga hujificha, kwa hiyo soda na juisi zipunguzwe zaidi katika miezi hiyo, na hata wiki za kwanza baada ya waya kutolewa. Aliyetoka kung'arishiwa meno naye aviepuke vinywaji vichachu kwa siku kadhaa.

Hatua ya 8: Nenda kwa daktari na ile karatasi

Nenda mapema, maumivu yasikutangulie. Mpe karatasi ya siku tatu, itamwambia mengi kuliko maelezo ya mdomo. Mwombe apime mmomonyoko kwa kipimo cha BEWE, kilichotolewa mwaka 2008: kinywa hugawanywa sehemu sita, kila sehemu ikapewa alama 0 hadi 3 kwa jino lililoathirika zaidi, kisha alama zikajumlishwa. Jumla hiyo iandike. Anaweza kukupaka vanishi ya floridi, kuziba mashimo ya dentini kwa rezini (plastiki ngumu ya meno), au kwenye hali nzito kujenga upya vilele vya magego. Usikubali kujengewa meno kabla chanzo cha asidi hakijajulikana, maana asidi itaendelea kula pembezoni mwa kazi mpya.

Omba pia picha ya magego yako, yapigwe yakiwa yamekaushwa. Baada ya miezi sita yapigwe tena kwa pembe ile ile, na mzitazame picha mbili kando kwa kando. Ya kwangu ilionyesha kizibo kile kile, kibonde kile kile, kina kile kile.